Nagasaki: kilima cha Inasa, jua la jioni na jiwe lililotoka Katanga

Kila jioni, jua linapokaribia kuzama upande wa bahari, watu wanapanda kilima cha Inasa katika muji wa Nagasaki, kusini magharibi mwa Japani. Wanakuja wazee, wapenzi, wanafunzi, familia zenye watoto wadogo, na watalii kutoka inchi nyingi. Wanapanda mpaka juu ya paa la jengo la duara lililojengwa kileleni, wanaegemea vyuma vya ukingo na kungoja. Bahari inageuka rangi ya dhahabu, kisha nyekundu. Nyuma yao, taa za muji zinaanza kuwaka moja moja, mpaka miteremko yote inayozunguka bandari inajaa mwangaza.

Wajapani wengi wanakuja hapa kujifurahisha. Lakini kwa Mkongomani, na zaidi yule wa Katanga, mambo yanayoonekana kutoka kilima hiki yanagusa historia ya kwao. Bonde lililo upande wa kaskazini, lenye nyumba, shule na makanisa, ndilo lililoangamizwa na bomu la atomiki tarehe 9 mwezi wa nane mwaka wa 1945. Na karibu theluthi mbili ya uraniamu ambayo Marekani ilikusanya katika mradi wa kutengeneza mabomu yale ilitoka Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Muji wa Nagasaki umefanya kazi kubwa ya kukumbuka yaliyoupata. Katika inchi ambako jiwe lilichimbwa, kazi hiyo imebaki nyuma.

Meta 333 juu ya bahari

Inasa si mlima mrefu. Kilele chake kiko meta 333 juu ya bahari, urefu uleule wa mnara mashuhuri wa Tokyo. Mkaaji wa Goma, ambaye kila siku anatazama Nyiragongo yenye karibu meta 3.470, angekiita kilima tu. Uzuri wake unatoka pahali kilipo: kinasimama pembeni ya bandari, mbele ya muji wote.

Kufika juu si kazi ngumu. Kuna teleferiki, yaani kijumba cha vioo kinachoning'inia kwenye kamba nene ya chuma, inayoanzia karibu na hekalu la Fuchi na kufika juu kwa dakika tano hivi. Tangu mwaka wa 2020 kuna pia kigari kinachopanda polepole juu ya reli kutoka bustani iliyo katikati ya mlima. Wenye motokari wanatumia barabara, na wenye nguvu wanapanda kwa miguu.

Saa ya kupanda inategemea majira. Nagasaki iko upande wa magharibi wa Japani, kwa hiyo jua linachelewa kuzama kuliko Tokyo. Katika mwezi wa sita linazama karibu saa moja na nusu ya jioni. Katika mwezi wa kumi na mbili linazama karibu saa kumi na moja na robo, na baridi ya kilele inauma. Kwa Wakongomani waliozoea jua kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, tofauti hiyo ni ya kushangaza.

Mtu wa Bukavu akifika juu pale ataona kitu anachokijua. Nyumba zimepanda milimani, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa na ngazi na vijia vyembamba. Maji yanaingia katikati ya muji, kama vile ziwa Kivu linavyoingia kati ya peninsula za Bukavu. Sababu milima ni mingi na ardhi tambarare ni kidogo, watu walijenga pahali popote nyumba iliweza kusimama. Hiyo ndiyo inafanya taa za usiku zionekane kama zimepangwa kwa ngazi. Katika mwaka wa 2012 Nagasaki ilihesabiwa pamoja na Hong Kong na Monaco kati ya miji mitatu yenye usiku mzuri zaidi duniani.

Pande nne, historia nne

Mtu akizunguka polepole juu ya paa, anasoma historia ya muji bila kitabu.

Upande wa magharibi kuna bahari na visiwa. Hali ya hewa ikiwa safi, visiwa vya Goto vinaonekana kwa mbali. Katika visiwa hivyo na katika vijiji vya pwani, Wakristo walijificha kwa zaidi ya miaka 200, wakati serikali ya Japani ilipokataza dini yao. Walisali bila mapadri, wakafundisha watoto sala kwa siri. Mwaka wa 2018 UNESCO iliandika vijiji na makanisa ya historia hiyo katika urithi wa dunia.

Upande wa mashariki kuna muji wa zamani. Huko kuna Dejima, ambayo zamani ilikuwa kisiwa kidogo kilichotengenezwa na watu, chenye umbo la feni ya mkono. Tangu mwaka wa 1641, kwa zaidi ya miaka 200, Waholanzi ndio Wazungu peke yao walioruhusiwa kufanya biashara na Japani, na walilazimishwa kukaa pale. Leo ardhi imeongezwa baharini na kisiwa kimezungukwa na majengo.

Chini kabisa, kwenye maji ya bandari, kuna viwanda vya meli vya Mitsubishi. Mashine moja kubwa ya kunyanyulia mizigo, iliyoletwa kutoka Scotland na kusimamishwa mwaka wa 1909, bado iko pale. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Nagasaki ilitengeneza meli za kivita na silaha. Hiyo ndiyo ilifanya muji uandikwe kwenye orodha ya Wamarekani.

Upande wa kaskazini kuna bonde la Urakami.

Milima iliyokinga sehemu ya muji

Asubuhi ya tarehe 9 mwezi wa nane 1945, ndege ya Marekani iliyoitwa Bockscar haikuwa inakwenda Nagasaki. Ilitumwa kwanza Kokura, muji mwingine wenye kiwanda kikubwa cha silaha. Lakini juu ya Kokura kulikuwa mawingu na moshi, rubani akashindwa kuona pahali alipoagizwa kupiga. Mafuta yakawa yanapungua. Ndege ikageuka kwenda Nagasaki. Hapo pia mawingu yalikuwa mengi, na bomu likaachiliwa mbali na pahali palipokusudiwa, juu ya Urakami. Lilipasuka kwenye urefu wa meta 500 hivi juu ya ardhi. Saa ilikuwa tano na dakika mbili za asubuhi.

Inasemekana kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu karibu 74.000 walikuwa wamekufa, katika muji uliokuwa na wakaaji karibu 240.000.

Mtu akisimama juu ya Inasa anaelewa kitu ambacho hesabu hizo hazielezi. Kati ya bonde la Urakami na muji wa zamani kuna milima. Milima hiyo ilizuia sehemu ya moto na upepo wa bomu. Upande mmoja, bonde zima liligeuka majivu. Upande mwingine, nyumba nyingi ziliharibika lakini watu wengi walibaki wazima. Mtu aliyekwenda sokoni upande huu wa mlima aliweza kuishi, na ndugu yake aliyebaki nyumbani upande ule akafa.

Kwa Wakatoliki wa Kongo, jina la Urakami lina uzito mwingine. Bonde hilo ndilo lilikuwa moyo wa Ukatoliki wa Japani. Watoto na wajukuu wa wale waliojificha walijenga pale kanisa kubwa, kwa michango yao na kwa mikono yao. Bomu lilipasuka karibu meta 500 kutoka kanisa hilo. Kati ya Wakatoliki 12.000 hivi wa Urakami, karibu 8.500 walikufa. Ndani ya kanisa kulikuwa mapadri na waamini waliokuja kuungama, kwa kujitayarisha kwa sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15. Hakuna aliyetoka.

Shule kubwa ya udaktari ya Nagasaki ilikuwa pia karibu, nayo ikapoteza karibu watu 900, walimu, wanafunzi na wauguzi. Daktari Takashi Nagai, Mkatoliki aliyefanya kazi ya mionzi ya X, aliumizwa lakini akaendelea kuhudumia majeruhi. Aliporudi nyumbani alikuta mifupa ya mke wake katika majivu, pamoja na rozari. Nagai mwenyewe alikuwa tayari na ugonjwa wa damu sababu ya kazi yake. Aliandika vitabu akiwa amelala kitandani katika kijumba kidogo, mpaka alipokufa mwaka wa 1951.

Jiwe la Shinkolobwe

Bomu la Nagasaki lilitengenezwa kwa plutoniamu. Plutoniamu haichimbwi: inapatikana kwa kuweka uraniamu ndani ya mtambo wa nyuklia. Wamarekani walifanya kazi hiyo huko Hanford, kaskazini magharibi mwa inchi yao. Bomu la Hiroshima, lililoanguka siku tatu mbele, lilitumia uraniamu yenyewe. Uraniamu kutoka inchi mbalimbali ilichanganywa viwandani, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonyesha ni gramu gani ilitoka wapi. Lakini bila mawe ya Katanga, kazi ile ingekwenda polepole zaidi.

Mgodi wa Shinkolobwe ulivumbuliwa mwaka wa 1915. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba pale kwanza juu ya radiamu, iliyouzwa kwa bei kali kwa ajili ya matibabu. Uraniamu ilikuwa karibu kama takataka. Hali ilibadilika mwaka wa 1939, wataalamu walipotambua kwamba inaweza kutoa bomu. Katika barua maarufu ya tarehe 2 mwezi wa nane mwaka ule, Albert Einstein alimwambia raisi Roosevelt kwamba Kongo ya Wabelgiji ndiyo chanzo muhimu zaidi cha uraniamu.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasiikamate akiba yake. Mwaka wa 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1.200 za mawe hayo mpaka New York, zikawekwa katika depo kwenye kisiwa cha Staten. Katika mwezi wa tisa 1942, afisa wa jeshi la Marekani alikwenda kuzinunua. Yalikuwa mawe ya ajabu: katika mengine zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa uraniamu, wakati pengine duniani jiwe lenye sehemu moja kwa mia lilihesabiwa kuwa zuri.

Kisha mgodi ulifunguliwa tena, na Wamarekani wakasaidia kuutengeneza. Mawe yalipakiwa kwenye treni mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, yakashuka kwa mashua mpaka Léopoldville, halafu treni tena mpaka Matadi, na kutoka pale kwa meli. Kila kitu kilifanywa kwa siri. Wachimbaji hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya kazi gani.

Maisha ya wafanyakazi weusi wakati ule yanajulikana. Katika mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa kuomba mishahara ya kutosha. Huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi na kuua makumi yao. Kisha vita, Sengier alipewa na Marekani medali ya heshima kubwa. Waliochimba hawakupewa kitu.

Walioandikwa na wasioandikwa

Nagasaki imejifunza kuandika. Waliookoka bomu wanaitwa hibakusha. Tangu mwaka wa 1957 sheria inawapa kitabu cha afya, kinachowaruhusu kupimwa na kutibiwa kwa gharama ya serikali. Kupata kitabu hicho hakukuwa rahisi kwa wote, zaidi Wakorea waliokuwa wameletwa Japani kufanya kazi kwa nguvu, na wengine walipigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi. Lakini kuna sheria ya kuegemea na kuna ofisi ya kubisha hodi.

Majina ya waliokufa yanahifadhiwa pia. Kila tarehe 9 mwezi wa nane, majina ya hibakusha waliofariki ndani ya mwaka yanaongezwa kwenye orodha, ambayo imepita majina 190.000. Siku hiyo watu wanatoa maji mbele ya mnara, sababu wengi waliounguzwa walikufa wakiomba maji ya kunywa. Wakati unapita: mwaka wa 2025 hibakusha walio hai katika Japani nzima walishuka chini ya 100.000 kwa mara ya kwanza, na wastani wa umri wao ulipita miaka 86. Shirika lao, Nihon Hidankyo, lilipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2024, miaka sita kisha daktari Denis Mukwege wa Bukavu.

Huko Shinkolobwe, njia ilikuwa nyingine. Mbele ya uhuru wa 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yakazibwa. Kijiji cha wafanyakazi kikaachwa. Miaka ya nyuma, wachimbaji wadogo walirudi kwa maelfu kutafuta kobalti na shaba katika udongo uleule wenye mionzi. Mwanzoni mwa 2004 amri ya raisi ilikataza kuchimba pale. Miezi michache kisha, katika mwezi wa saba, mgodi ulibomoka na kuua watu wasiopungua wanane.

Hakukuwa sheria ya kitabu cha afya kwa wale waliobeba mawe yale kwa mikono. Wengi wao wamekufa zamani. Watoto na wajukuu wao wako Likasi, Lubumbashi na vijiji vya jirani. Wengine wanajua baba zao walifanya kazi pale, lakini hawana karatasi inayosema alikaa ndani ya shimo miaka mingapi.

Jambo hili si la zamani tu. Leo koltani ya Masisi na kobalti ya Kolwezi zinatoka kwa njia inayofanana: anayechimba anajua bei ya kilo, lakini mara nyingi hajui kitu kinachotengenezwa mwishoni, wala hakuna anayeandika jina lake ao hali ya mapafu yake. Wakati habari za mwisho zinapojulikana, ushahidi wa mwanzo unakuwa umepotea.

Kengele ya pili

Giza likiingia kabisa, kutoka Inasa bonde la Urakami linaonekana kama sehemu nyingine zote za muji: madirisha, magari, taa za barabarani. Mgeni asiyejua historia hawezi kutambua pahali bomu lilipasuka. Kwa hiyo ni vizuri kukaa Nagasaki siku mbili: moja ya kutembea Urakami kwa miguu, kutoka jiwe jeusi linaloonyesha pahali pa bomu mpaka makumbusho na kanisa, na jioni ya kupanda kilima. Teleferiki inafanya kazi mpaka saa nne za usiku.

Kanisa la Urakami lilijengwa upya mwaka wa 1959. Mbele ya bomu lilikuwa na minara miwili na kengele mbili. Moja ilikutwa nzima katika majivu, nyingine ilipasuka. Kwa miaka 80 mnara mmoja ulibaki bila sauti. Tarehe 9 mwezi wa nane 2025, saa tano na dakika mbili, kengele mbili zililia pamoja. Ile ya pili ilinunuliwa kwa michango ya Wakatoliki wa Marekani, na mwenye kuongoza kazi hiyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu ambaye babu yake alikuwa daktari katika mradi wa bomu.

Mjukuu yule hakurusha bomu, wala hakuna aliyemdai. Aliona tu kwamba familia yake imo ndani ya habari hii, akatafuta kitu cha kufanya. Kongo nayo imo, kwa namna tofauti: wachimbaji wake hawakuchagua na hawakuulizwa. Deni lao ni kwamba waandikwe. Kukusanya majina yaliyobaki katika makaratasi ya kampuni na katika vichwa vya wazee wa Likasi, kupima udongo na maji ya vijiji vinavyozunguka mgodi, na kufundisha habari hiyo katika shule za Katanga, ni kazi inayoweza kuanza sasa, wakati bado kuna wazee wanaokumbuka.